Jirani anafukuza wateja wa nyumba yetu Rau, Moshi. Niwaambie wanunuzi ukweli au ninyamaze?

Mama Rau (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Naombeni ushauri, hasa mlioko Moshi au mliowahi kuuza nyumba iliyopakana na mtu mkorofi.

Mimi na mume wangu tuna nyumba Rau. Kiwanja tulinunua 2008 kwa mkataba wa ofisi ya mtaa, hakina hati. Tukajenga kidogo kidogo, 2012 tukahamia. Vyumba vinne, kimoja masta, jiko la ndani na la nje, maji ya bomba yapo na tenki la akiba lipo. Ukuta wa tofali uko pande tatu. Upande wa nne ni masale tu, ile mimea ya mpaka, kwa sababu jirani wa wakati ule alikuwa mzee mmoja mstaarabu mno, hatukuona haja ya kujitenga naye. Watoto wake walikuwa wanakuja kwetu kula na wetu wanakwenda kwake. Mzee alipofariki watoto wakauza, ndipo akaja huyu wa sasa.

Wizara ilipomhamishia mume wangu Dodoma nilimfuata na watoto. Nyumba anaiangalia kijana wetu. Sasa tunataka kuiuza tumalizie ya Dodoma. Tumesema milioni 85, na dalali aliyeiona alikiri kwamba kwa eneo lile hatujamuonea mtu.

Shida ni jirani. Alianza na grosari ndogo, soda na bia mbili tatu, hatukusema kitu maana kila mtu anatafuta riziki. Ikageuka baa. Kaunta ameiweka upande wetu, na kutoka kwenye spika mpaka dirisha la chumba cha watoto ni hatua chache sana. Nilipokwenda mwezi uliopita nililala humo. Niliweka kiganja ukutani usiku, ukuta ulikuwa unadunda. Glasi ndani ya kabati la sebuleni zilikuwa zinagongana zenyewe mpaka saa nane. Nyuma ya baa kuna mabanda ya nguruwe, na masika ikianza anafungulia chemba mvua ikinyesha, maji machafu yanapita chini ya masale na kutuama mbele ya jiko letu la nje. Pale ndipo nilipokuwa nakoboa mahindi na mama mkwe. Inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Wateja wanakuja mchana na nyumba wanaipenda. Familia moja kutoka Dar tulikubaliana milioni 78, yule baba alikuwa anapapasa milango ya mninga na kuniambia fundi wenu alikuwa fundi kweli. Ilikuwa walete malipo ya kwanza Jumatatu. Jumamosi usiku mkewe akarudi peke yake kwa bodaboda, akasimama kwenye genge la pale kona, akanunua nyanya na vitunguu, akamuuliza mama wa genge maisha ya mtaa yakoje. Akaambiwa yote. Yule mama simlaumu hata kidogo, ningeulizwa mimi ningesema hayohayo. Jumatatu simu hazikupokelewa.

Halafu kuna hili lililozidi yote. Wanunuzi wanataka majirani wote wa mipaka wasaini kwenye mkataba, ndivyo inavyofanyika mtaani kwetu. Huyu bwana amekataa. Anasema masale yaliingizwa kwake, kwamba ukanda wa mita moja ni wake, na "sisaini kitu".

Mume wangu anasema tuonyeshe nyumba asubuhi tu na tunyamaze, mnunuzi ana macho yake. Mimi roho inakataa. Lakini nikisema ukweli, nani atanunua? Na tushuke mpaka wapi?

Dalali wa Mbuyuni

Dada pole. Nakujibu kama mtu anayeishi kwa kazi hii.

Suala la kuficha liondoe kabisa. Kwa Moshi haliwezekani. Hapa mtu hanunui nyumba bila kuuliza nyumba ni ya nani, ukoo gani, anauza kwa nini, na jirani ni nani. Akitoka kukagua anapitia genge, anapitia kwa muuza mkaa, anapitia kwa mwenyekiti. Mimi wateja wangu nawaambia mwenyewe warudi saa tatu usiku siku ya Ijumaa na warudi tena siku ya mvua. Nikimficha, kesho hanitumi kwa ndugu yake, na mimi nakula kwa kutumwa.

Pili, unauza kwa mtu asiyefaa. Nyumba ya vyumba vinne yenye bustani unaiuza kwa familia yenye watoto, na familia yenye watoto ndiyo inayoogopa baa kuliko wote. Pale kuna barabara inayopitika na kuna watu usiku. Mtafute mtu anayetaka kukata nyumba iwe vyumba vya wapangaji, au anayetaka fremu mbele na lodge nyuma. Huyo kelele hazimnyimi usingizi kwa sababu hatalala pale. Ila naye anajua kupiga hesabu, na atakukata kwa sababu lazima afanye mabadiliko. Kwa macho yangu bila kufika, utapata kati ya 65 na 70 kama mpaka uko safi. Kama mpaka una ugomvi, hakuna bei. Sisemi itashuka, nasema hakuna. Mwenye pesa taslimu hawezi kununua kesi.

Kingine. Msimu wa pesa huku unaujua, ni Desemba, watu wa Dar na Arusha wanapopanda nyumbani kula Krismasi na kununua viwanja. Ndiyo miezi ambayo baa yako inapiga muziki mpaka asubuhi. Ukisubiri Desemba bila kumaliza jambo hili, utaonyesha nyumba wakati jirani yuko kwenye ubaya wake wa juu.

Mnunuzi wa Moshono

Mama Rau, mume wako aisome hii tafadhali.

Mimi nilinunua nyumba Moshono, Arusha, kwa mtu aliyefanya kama anavyotaka yeye. Tulikagua asubuhi, tukapewa chai, karatasi zote safi, hati ipo. Gari lilipita njia nzuri pembeni ya gereji mpaka getini. Hakuna aliyetuambia kwamba ile njia imo ndani ya kiwanja cha mwenye gereji, na kwamba alikuwa anamruhusu muuzaji kupita kwa hisani tu kwa sababu walikuwa marafiki. Na hata urafiki wenyewe ulikuwa umeshavunjika miezi kadhaa kabla.

Tulipohamia, jirani akaja kwa upole kabisa akasema, nawaonea huruma lakini mimi sikuwauzia nyinyi njia. Akaweka geti. Sasa hebu fikiria: gari la kunyonya maji taka haliingii. Lori la mchanga haliingii. Mama yangu alipougua tulimbeba kwa kiti mpaka barabarani ndipo tukampakia kwenye gari. Na gereji yenyewe inapulizia rangi, nguo zikianikwa nje zinarudi ndani na harufu.

Ninachotaka ukijue ni hiki. Ningeambiwa, bado ningenunua. Eneo nililipenda, shule ya watoto iko karibu. Ningepunguziwa bei, nikachukua ile tofauti nikaenda kwa mwenye gereji kumlipa ukanda wa njia kwa maandishi kabla sijahamisha hata godoro. Hivi sasa nimelipa bei ya nyumba yenye njia, na njia nimeinunua tena kwa bei ya mtu anayejua sina pa kutokea. Muuzaji hapokei simu zangu. Tulikuwa tunaitana kaka na dada, na leo nikimuona Kilombero sokoni anageuza njia.

Kwa hiyo sema. Sema mapema, kabla mtu hajaanza kupanga makochi kichwani, na sema pamoja na bei.

Kijana wa Pasua

Naheshimu waliotangulia ila sikubaliani na yote. Muuzaji si balozi wa jirani. Baa inaonekana, ina bango, mnunuzi ataiona. Njia ya kuombana ni jambo lingine, ile imefichwa na kuificha ni dhuluma. Mpaka wenye ugomvi nao lazima usemwe. Lakini kelele za baa? Moshi nzima ina baa. Mama Rau asijishushie bei mwenyewe kwa kuanza mazungumzo na "jirani yangu ni mbaya". Aulizwe, ajibu kweli. Asipoulizwa, aendelee kuonyesha milango ya mninga.

Mama Rau

Kijana wa Pasua, nimekuelewa, na kwenye baa nusu yangu inakubaliana na wewe. Lakini yale maji ya chemba je? Ukaguzi wa kiangazi huyaoni. Mtu akinunua Agosti, anakuja kujua Aprili akiwa na mtoto mchanga. Hapo sitaweza kusema hakuuliza.

Mnunuzi wa Moshono, pole sana mwenzangu. Nimemsomea mume wangu. Hajasema kitu, ila ameomba nimsomee tena ile ya kiti.

Mtendaji Mstaafu

Nimekaa ofisi za kata miaka mingi, hayo uliyoandika nimeyasikiliza kwa watu wengi. Niseme machache kwa mpangilio wa uzito wake.

Mpaka kwanza. Sahihi ya jirani ni desturi nzuri ya mitaani kwa ardhi isiyopimwa, inalinda mnunuzi. Ila Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 yenyewe inachotaka kwenye mauzo ni mkataba wa maandishi wenye sahihi ya anayewajibika nao. Haimpi jirani kura ya kukuzuia. Kwa hiyo kukataa kwake hakufungi mauzo kisheria, kunamtisha mnunuzi tu. Dawa ya hofu hiyo ni ushahidi mwingine.

Na ushahidi huo nadhani unao, fikiri vizuri. Watoto wa yule mzee walipomuuzia huyu bwana, bila shaka na wao walihitaji sahihi za majirani wa mipaka. Majirani ni nani? Ni nyinyi. Kama desturi ya mtaa wenu ni hiyo unayoisema, basi upo mkataba wenye jina lake kama mnunuzi, na jina lako au la mume wako kama shahidi wa mpaka, na ndani yake umetajwa mpaka wa upande wenu na vipimo. Alinunua akiwa anayaona masale yamesimama, na akasaini. Nenda ofisi ya mtaa ukaombe nakala. Kama haipo, watafute watoto wa mzee, wao ndio walioonyesha mpaka siku ile, na mtu hawezi kudai zaidi ya alichouziwa.

Tena mmekaa ndani ya mpaka huo tangu 2008. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 kwa mtu kudai ardhi. Huyu anadai leo, baada ya wenye ardhi waliomtangulia kukaa kimya muda wote huo. Ni hoja nzito.

Utaratibu: peleka lalamiko baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Wengi wakasema basi halina maana. Kwa mtu anayeuza nyumba mimi naona ndilo lenye faida zaidi. Mkipatana, mnaandika makubaliano na kila mmoja anatia sahihi. Karatasi hiyo ukiiweka mezani kwa mnunuzi inafanya kazi kuliko sahihi aliyokunyima. Yakishindikana ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini ujue kwamba kesi ikishafunguliwa kule mnunuzi yeyote mwenye wakili ataiona na ataondoka. Kwa hiyo tumia nguvu zako zote kwenye usuluhishi.

Chemba na nguruwe: mwone afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa uwezo wa kumwandikia notisi mtu aondoe kero. Piga picha na video siku ya mvua, maji yakiwa yanatembea. Afisa akija siku ya jua anaona ardhi kavu na watu wawili wanaobishana.

Kelele: kanuni za mazingira za 2015 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwenye makazi, na usiku unaanza saa nne. Ofisi ya kanda ya NEMC, wasimamizi wa mazingira, iko Arusha. Lakini kabla ya kufika huko uliza ofisi ya biashara ya halmashauri ana leseni gani. Leseni ya grosari haimruhusu kuendesha baa, na leseni ya vileo ina saa zake na ina siku ya kuisha. Mtu anayesubiri kuhuisha leseni ni msikivu sana.

Mwisho, wewe na mume wako wote msaini mauzo. Nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza inarudi kwenye ugomvi mwingine.

Meku wa Uru

Binti yangu, nakusalimu. Mtendaji ameongea ya serikali, mimi niongee ya nyumbani.

Masale hayo alipanda nani? Kama ni yule mzee na mume wako, basi wapo watu waliokuwepo, maana kwetu masale ya mpaka hayapandwi kwa siri. Wazee wawili watatu wa mtaa wanaweza kukumbuka, na wengine ni wagonjwa, usichelewe.

Lakini nina swali ambalo hujaligusa. Huyu bwana ana baa inayokua. Ana nguruwe. Ana watu wanaoegesha pikipiki barabarani kwa kukosa uwanja. Wewe huishi pale. Je, hajawahi kumtuma mtu kuuliza bei?

Nauliza kwa sababu nimeona hili Kiboriloni, na nimeliona huku kwetu. Mtu anatamani ardhi ya jirani lakini hataki kuilipa. Hafanyi jambo moja kubwa la kumshitaki. Anafanya madogo madogo mpaka mwenye nyumba anachoka na bei inachoka naye. Kisha anatokea shemeji mtu mwema.

Mama Rau

Meku, shikamoo. Nimekaa na maneno yako tangu jana.

Ametuma. Kuna mtu aliyempigia kijana wetu, akajitambulisha kama ndugu wa mke wa huyu bwana, akasema wao wana milioni 45 taslimu na hawana haja ya sahihi ya mtu yeyote. Kijana alituambia tukacheka, hatukuiunganisha na mambo ya mpaka. Hiyo ilikuwa wiki ileile jirani alipokataa kusaini.

Mtendaji, na wewe ubarikiwe. Mume wangu anakumbuka vizuri siku ile aliyoitwa ofisi ya mtaa, alisaini, na mmoja wa watoto wa mzee alipima kwa hatua kutoka mwembeni mpaka kwenye masale. Huyu bwana alikuwa amesimama palepale.

Dalali wa Mbuyuni

Basi sasa una mnunuzi, dada. Usikasirike, nisikilize. Mtu anayehitaji uwanja wa kuegesha na sehemu ya kupanua ndiye ambaye nyumba yako ina thamani kubwa kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote Moshi. Amepanga kuipata kwa 45 kwa sababu anadhani huna njia nyingine. Ukipata nakala ya mkataba wake, ukapata notisi ya afisa afya, na nikakuletea mtu wa wapangaji mwenye 65, kaa naye tena uone atasema ngapi.

Mama Rau

Sijui kama naweza kumuuzia. Nikifikiria ile kaunta imeingia sebuleni kwangu moyo unakataa. Mume wangu anasema pesa ya nyumba haina harufu ya nguruwe. Hilo tutalijadili wenyewe tukiwa na karatasi mkononi.

Kwa sasa nimeamua hivi. Jumatano napanda basi kuja Moshi. Naanza ofisi ya mtaa kutafuta ule mkataba, halafu naenda kwa binti wa kwanza wa yule mzee, yuko Majengo, tumeshaongea kwa simu na amesema atakuja barazani kusema alichouza. Afisa afya nimepewa namba yake. Na mnunuzi yeyote atakayekuja kuanzia leo nitamwambia habari ya baa na ya chemba kabla hajavua viatu mlangoni, nitamuonyesha na video ya masika. Bei nimeshusha mpaka 72 na sababu nimeiandika kwenye tangazo.

Dalali, niandikie inboksi tafadhali. Huyo mtu wako wa wapangaji aje Ijumaa usiku, nitakuwepo.